Mibuni ya Mjomba

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya ukalimani pale Boma, karani mkuu alinipa somo moja tu, nalo halikuchukua hata muda wa kumaliza kikombe cha chai. "Mtu akisema kizimbani 'nimeiba', wewe mgeukie hakimu umwambie 'nimeiba'. Usiseme 'huyu anasema ameiba'. Hakimu hakukuajiri umsimulie habari za watu. Wewe hapa hupo." Nikaitikia, ndiyo mzee. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na moja, nimetoka shule ya misheni na Kiingereza changu cha kujivunia, na sikuona ubaya wowote wa kutokuwepo.

Kwa miaka tisa basi nilikuwa mimi wa watu wote. Niliiba ng'ombe Ngaramtoni, nikampiga mke wangu kule Ngarenaro, nikamkata jirani kwa panga kwa ugomvi wa mfereji wa maji, na mchana huohuo nikageuka nikawa mke aliyepigwa na jirani aliyekatwa. Waarusha walisema kwa Kimaasai chao, Wameru kwa Kimeru, mimi nikasema kwa Kiingereza, na hakimu akaandika. Hakimu mwenyewe ndiye aliyekuwa mkuu wa wilaya, Bwana Shauri kama tulivyomwita, Mwingereza mrefu mwenye mafua yasiyoisha. Aliandika kwa mkono wa haraka na mara nyingi hakuinua kichwa, hivyo kesi nzima aliisikia kwa sauti yangu peke yake.

Jioni nilitembea mpaka Ngarenaro, kwenye chumba nilichopanga nyuma ya karakana ya Kalasinga mmoja aliyetengeneza milango na mikokoteni. Niliwasha jiko la mkaa, nikabandika sufuria, na hapo ndipo nilipojikuta sina la kumwambia mtu. Majirani waliniamkia vizuri, hilo sikatai. Lakini mtu aliyekusikia jana ukikiri wizi kwa sauti kavu kama unasoma orodha ya vifaa, leo hakuoni kuwa mwenzake wa kupiga soga. Wakikaa kibarazani nikatokea, mazungumzo yalipungua, mmoja akaanza kusifia mvua. Nilikuwa mpweke, na nilijifanya sijali.

Nyumbani kwangu kwa kweli kulikuwa Akheri, kwa mjomba. Baba alifariki nikiwa bado natambaa, na mjomba, kaka pekee wa mama, akatuchukua. Alimjengea mama nyumba ndogo katika kihamba chake, shamba la nyumbani, kati ya migomba na mibuni, na mimi akanilea bila maneno mengi. Alikuwa mtu wa mdomo mzito. Ndiye aliyenishika mkono siku ya kwanza ya shule tukashuka naye hadi misheni, na njia nzima alisema mara moja tu, kunionyesha jiwe linaloteleza. Kila Jumamosi nilipanda basi la Mhindi mpaka Tengeru, kisha nikapanda kwa miguu. Mama aliniwekea loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, kwenye kibuyu, mjomba akaja akakaa nasi, akauliza, "Mjomba, huko mjini mnaendeleaje?" nami nikajibu, "Vizuri, mjomba," na hayo yalitutosha mpaka jua likapungua. Hapo ndipo palipokuwa mahali pekee ambapo ukimya haukuniuma.

Kihamba cha mjomba kilipakana na cha jirani mmoja, na mpaka wao ulikuwa mstari wa mimea ya masale, kama ilivyo desturi huku kwetu. Yule jirani alikuwa mcheshi, mwenye sauti, anayependwa kilabuni. Wakati huo kahawa ilikuwa imepanda bei na kila mtu aliutazama mpaka wake kwa jicho jipya. Mjomba alidai masale yamesogezwa. Jirani alidai masale hayana miguu. Wazee waliwakalisha mara mbili, wakaagana bila kupatana. Kisha asubuhi moja mjomba akatoka na kikombe chake cha chai akakuta mibuni arobaini na miwili imekatwa kwenye shina, imelala chini na kahawa yake mbichi.

Kesi ikaja Boma. Nilimwendea Bwana Shauri nikamwambia mlalamikaji ni mjomba wangu, naomba mtu mwingine atafsiri. Akauliza kama kuna mwingine anayejua Kimeru. Hakukuwapo. Akamwuliza mshitakiwa kama ana kipingamizi, naye yule jirani akacheka akasema hana, kijana huyu amekua anamwona. Basi nikasimama mahali pangu, mikono nyuma, kama siku zote.

Mjomba aliishika mbao ya kizimba cha mashahidi kwa mikono miwili. Alisema kwa Kimeru, polepole, akingoja nimalize kila sentensi kabla ya kuanza nyingine. Wengi hawakuweza kungoja hivyo. Alisema: "Mibuni hii niliipanda mwaka dada yangu alipojifungua mtoto wa kiume."

Mtoto huyo ni mimi. Sikuwahi kuambiwa habari hiyo, si na yeye, si na mama. Nilimgeukia hakimu, nikasema kwa Kiingereza kwamba mibuni hii niliipanda mwaka dada yangu alipojifungua mtoto wa kiume. Kalamu ya hakimu haikusita. Mjomba akaendelea, nami nikaendelea, tukafika mwisho. Mama mmoja aliyekwenda mtoni alfajiri alieleza kwamba alimwona mshitakiwa akivuka masale na panga, viatu vyake vimeloa umande. Jirani akakana kila kitu kwa mbwembwe, na mimi, kwa sauti ileile, nikakana kwa mbwembwe kiasi nilichoweza. Akafungwa mwaka mmoja na nusu. Mjomba alipotoka nje alinigusa bega, akasema, "Umesema vizuri," akaenda kuwahi basi. Nadhani sijawahi kupata sifa iliyonifurahisha kuliko hiyo.

Wakati huo nilikwisha kuanza kuandika. Ilianza kama mchezo wa mtu asiye na wa kuongea naye. Nilinunua madaftari ya shule kwenye duka la Mhindi karibu na soko, nikaanza kuandika hadithi za mpelelezi, mtu wa makamo, mwenye hasira za karibu, anayejibu wakubwa bila kuomba radhi. Hadithi alizisimulia mwenyewe: mimi nilifika, mimi nilitazama, mimi nilishuku. Hapo sikuhitaji mazoezi. Miaka yote nilikuwa nasema mimi kwa niaba ya watu, na sasa kwa mara ya kwanza mimi huyo hakuwa na mtu mbele yake wa kumsemea. Gazeti moja likachapa hadithi ya kwanza, kisha ya pili. Barua zikaja kutoka Tanga na Dodoma. Halafu mchapishaji mmoja wa Nairobi akaandika kuuliza kama ninaweza kutunga kitabu kizima.

Nikatunga kitabu cha miti iliyokatwa.

Niseme ukweli kwamba sikuona kosa. Nilidhani nimeficha vya kutosha. Niliihamishia hadithi kwenye milima ya Uluguru ambako sijawahi kufika, mibuni nikaifanya michungwa, mpaka nikaupanda minyaa. Aliyekata miti alikuwa jirani mwenye wivu, kama ilivyokuwa kweli. Nikapeleka Nairobi. Baada ya mwezi ikarudi, na barua: kila kitu kizuri ila mwisho. Msomaji anamjua mwenye kosa tangu ukurasa wa kumi. Tafuta mtu asiyetarajiwa.

Niliinunia barua ile wiki nzima. Ndipo Jumamosi moja mchana, nimebaki mjini kwa ajili ya kazi hiyo badala ya kwenda Akheri, Kalasinga anagongomea misumari upande wa pili wa ukuta, nikauona mwisho. Mwenye miti. Aikate mwenyewe! Aikate, amsingizie jirani, jirani afungwe, mpaka usogee. Nilicheka peke yangu chumbani. Niliruka, nikazunguka meza. Kila kitu kilikaa sawasawa: ukimya wake, upole wake mahakamani, hata ile kungoja sentensi imalizike, vyote vikawa ujanja. Nilimwekea jiwe la kunolea panga, bado lina unyevu, uvunguni mwa kitanda, mpelelezi wangu akalishika akatabasamu. Katika furaha yangu sikumfikiria mjomba hata mara moja. Hiyo ndiyo sehemu ninayoionea aibu hadi leo, kwamba sikumfikiria.

Kitabu kikakubaliwa. Wiki ileile Bwana Shauri akaniita ofisini. Nimechaguliwa, akasema, kwenda kwenye kozi ya mahakimu wa mahakama za wenyeji. Baada ya miaka michache ningekaa kwenye kiti, ningeuliza maswali, wengine ndio wangetafsiri. Nikamwambia nashukuru lakini naacha kazi.

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kuandika vitabu, bwana."

"Vitabu vya sheria?"

"Vya hadithi. Za upelelezi."

Akapenga mafua yake akanitazama kwa muda, nadhani kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane. Akasema ni hasara. Nikatoka, nikapita mbele ya kizimba ambacho hakikuwa na mtu, na nilijisikia mwepesi. Karani mkuu alikataa kunipa mkono. Alisema nimepata kazi ya maana nikaitupa kama ganda la ndizi.

Kitabu kilipotoka kilinyakuliwa. Mhindi wa madaftari alikipanga juu ya kaunta yake karibu na sukari, akaagiza tena, akaagiza tena. Makarani walikisoma, walimu walikisoma, madereva wa malori ya Nairobi walisomeana. Nilipita mtaani nikasikia mtu akimwambia mwenzake, "Usiniambie mwisho! Usiniambie!" nikaendelea kutembea huku nimevimba kichwa. Barua zikaja kwa vifurushi. Mchapishaji akataka cha pili na cha tatu. Nikanunua mashine ya kupigia chapa. Upweke haukupungua, ila sasa ulikuwa na heshima: watu wakinikuta kibarazani walinyamaza wakatabasamu, na mmoja akasema, "Angalieni midomo, atatuandika." Nilicheka pamoja nao. Kisha nikaingia ndani nikakaa na mashine yangu.

Huko Akheri, mwalimu wa shule alikuwa akiwasomea watu kitabu hicho kila Jumapili baada ya ibada, sura moja moja, wamekaa kwenye nyasi karibu na ukuta wa kanisa. Mimi sikujua. Nilikuwa na kazi nyingi na safari za Jumamosi zilikuwa zimepungua.

Nilijua siku yule jirani alipobisha mlango wangu Ngarenaro. Alikwisha kumaliza kifungo. Alikuja na mkungu wa ndizi begani, amenenepa, amevaa koti. Akautua mkungu, akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, umenisafisha," akasema. "Mungu akubariki. Sasa hivi nikipita njiani watu wananisimamisha wananipa pole. Yule mzee wa kanisa aliyenikatalia salamu, juzi amekuja mwenyewe kwangu."

Nikamwambia sielewi.

"Kitabu! Si umesema wazi? Unafikiri sisi ni watoto, hatujui michungwa yako ni kitu gani?" Akacheka kwa sauti yake ileile ya kilabuni. "Watu wanasema: kijana alikuwa ndani, alisikia yote, ila kiapo cha kazi kilimfunga mdomo. Ndiyo maana akaacha kazi. Aliacha ili aseme."

Nikakaa kitandani. Nikamwambia ile ni hadithi tu, nimeibuni mwenyewe, mimi sikuona jiwe lolote uvunguni mwa mtu. Akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemwelewa mtoto.

"Sawa, sawa. Lakini ngoja nikwambie jambo," akasema, na hapo akapunguza sauti. "Siku mwalimu aliposoma ule mwisho, nilikuwa nimekaa pale kwenye nyasi. Alisoma vizuri sana. Nikwambie kweli, hata mimi mwenyewe niliamini sikuikata."

Alisema hivyo, akanipiga bega, akaniachia ndizi.

Nililala njaa siku ile na ndizi zikiwa mlangoni. Kesho yake nikapanda Akheri. Mama alikuwa anapalilia, hakuinuka. Akanieleza akiwa ameinama vilevile. Watu hawaji tena kumsaidia kaka yake kuchuma kahawa, wala hawamwiti kwao. Kanisani akikaa kwenye benchi, benchi linajaa upande wa pili. Posa ya binti yake imerudishwa. "Na kwangu haji tena kula loshoro," akasema. "Anasema hana hamu."

Nilimkuta mjomba anapogoa mibuni ile iliyosalia. Nikamwamkia, "Shikamoo, mjomba." Akaitikia, "Marahaba, mjomba," kama kawaida. Mkasi wake haukusimama.

"Nimesomewa," akasema.

"Mjomba, ile ni hadithi."

"Najua."

"Mwisho ule niliambiwa nibadilishe. Nilitafuta mtu asiyetarajiwa."

Akakata tawi kavu, akaliweka pamoja na mengine. "Mimi najua sikukata," akasema. "Na wewe unajua. Basi tumekuwa wawili." Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. Nilisimama pale nikaona jambo moja tu ndilo linalonipasa kulifanya duniani, nalo ni kumrudishia mtu huyu jina lake, mbele ya watu haohao.

Nikamwendea mchungaji, nikamweleza, naye akaniruhusu kusema baada ya matangazo. Jumapili nikasimama mbele ya kanisa limejaa. Nikawaambia kitabu kile nimekitunga. Hakuna lolote ndani yake nililolisikia mahakamani. Mjomba wangu alitendewa ubaya, mahakama iliona hivyo, na mimi naona hivyo, na aliyefungwa alifungwa kwa haki. Nilisema kwa Kimeru, kisha kwa Kiswahili. Watu walisikiliza kwa adabu. Wengine walitikisa vichwa kwa huruma. Yule jirani alikuwa safu ya tatu, ameinamisha uso kama mtu anayesamehe.

Nje, bibi mmoja aliyenijua tangu utoto akanikumbatia. "Umefanya vizuri, mwanangu," akasema. "Ni mjomba wako, ungesemaje? Damu ni damu." Na nyuma yake nikasikia mwanamume akimwambia mwenzake kwamba hata kule Boma nilikuwa nasema ninayoambiwa niseme, ila kwenye kitabu nilikuwa peke yangu.

Mtu yule hakunijua, lakini alikuwa amenifahamu vizuri. Kwa miaka tisa walinisikia nikisema mimi, mimi, na walijua mimi huyo si wangu. Kitabuni wakakuta mimi asiye na mtu kizimbani. Wakaamua kwamba hatimaye ndiye yule mkalimani mwenyewe, na kwamba mkalimani akisema kwa kinywa chake hawezi kusema uongo. Sikuwa na namna ya kushindana na hilo. Kadiri nilivyokana, ndivyo nilivyozidi kuwa mpwa mwema.

Nikaandika Nairobi kuomba mwisho ubadilishwe katika chapa ya pili. Wakajibu kwa heshima kwamba mwisho ndio unaouza kitabu. Walichoweza kufanya ni kuongeza mstari mwanzoni kwamba watu na mambo yote humu ni ya kubuni. Wakauongeza kwa herufi ndogo sana. Mwalimu wa Akheri, niliambiwa, hakuusoma kwa sauti.

Mwaka uliofuata mjomba akaondoka. Hakugombana na mtu. Alimwachia mama kihamba, akachukua mkewe na binti yake, akahamia kwa wakwe zake, Waarusha wa upande wa Ngaramtoni, ng'ambo ya mlima. Mtu aliyeishi na kahawa maisha yake yote akaanza kuchunga ng'ombe wa watu akiwa na mvi. Mama alinitumia habari hizo kwa barua aliyoandikiwa na mwalimu yuleyule.

Miaka miwili sikuenda kumwona. Nilijiambia nina kitabu cha tatu cha kumaliza, kisha cha nne. Nilikuwa maarufu. Picha yangu ilitoka gazetini, nimevaa tai. Nilikula peke yangu, nikaandika peke yangu, na mpelelezi wangu akawa anashuku watu wote isipokuwa mimi. Kila nilipofika mwisho wa kitabu na kutafuta mtu asiyetarajiwa, mkono uliniwia mzito, nikamkumbuka mjomba na mkasi wake.

Siku niliyokwenda ilikuwa siku ya soko Ngaramtoni. Basi lilijaa wafugaji na wanawake wenye vibuyu vya maziwa. Nikateremka, nikauliza, nikaonyeshwa njia ya vumbi inayopita nyuma ya mnada wa mbuzi. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, dirisha moja. Alikuwa ndani peke yake, mkewe na binti wamekwenda sokoni. Binti, niliambiwa, aliolewa hukohuko kisha akarudi. Sikuuliza kwa nini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Karibu ukae."

Alikuwa amekonda. Akanimiminia chai kwenye kikombe cha bati, naye akajimiminia. Nikaanza maneno yangu. Nilikuwa nimeyaandaa njia nzima, yamepangika vizuri, yana mwanzo na katikati. Akainua mkono.

"Yale ya kanisani nilisikia," akasema. "Yalikuwa maneno yako. Hayo mengine pia yatakuwa maneno yako. Sina shida nayo." Akanywa chai kidogo. "Kule Boma ulisema yangu. Sikujua Kiingereza, lakini nilikuwa nakutazama, nikaona hakuna unalolipunguza. Nilipotoka pale moyo wangu ulikuwa umetulia. Nataka uyaseme tena."

"Niyaseme kwa nani, mjomba?"

"Hapa. Yaseme kwa Kiswahili, maana kitabu ni cha Kiswahili."

Akainuka. Akaenda nyuma ya kiti chake, akaushika mgongo wa kiti kwa mikono miwili kama alivyoshika ile mbao. Nami nikajikuta nimesimama, mikono nyuma. Akaanza kwa Kimeru, polepole. Akasema sentensi moja, akangoja.

"Mibuni hii niliipanda mwaka dada yangu alipojifungua mtoto wa kiume," nikasema.

"Nilisema moyoni, mtoto huyu hana baba atakayempandia kitu."

Hiyo hakuisema Boma. Nikashindwa. Machozi yakanitoka bila kunitaka ruhusa. Alingoja. Hakunihimiza wala hakunionea huruma, alingoja tu kama alivyomngoja mkalimani yeyote. Nikasema. Kisha akaendelea na mengine: jinsi alivyochota maji ya kuimwagilia mwaka wa ukame, jinsi dada yake alivyolisha mtoto chini ya kivuli chake, jinsi asubuhi ile alivyotoka na kikombe cha chai na asielewe kwanza anachokitazama. Nikasema yote. Nje, watu wa soko walikuwa wanapita na mbuzi wao, wanabishana bei, hakuna aliyesimama kusikiliza.

"Mimi sikuikata," nikasema.

"Sema tena."

"Mimi sikuikata."

Akaitikia kwa kichwa. Akauachia mgongo wa kiti, akazunguka, akakaa, akachukua kikombe chake akanywa chai iliyokwisha kupoa. Hamkuwa na meza humo ndani wala karatasi, wala mtu wa kuandika. Nilingoja anigeukie aseme imetosha, kaa, lakini alikuwa anatazama mlangoni, mahali jua lilipoingia. Nikabaki nimesimama na mikono yangu nyuma, kwa kuwa hakuna aliyeniambia kesi imekwisha.